Nilisema Mguu wa Kuku, Wakasikia Bastola

Bwana asifiwe, kanisa! Itikieni kwa nguvu jamani, maana kule nilikotoka nilikuwa nasema mwenyewe na kuitikia mwenyewe.

Wengi mnanifahamu. Mimi ndiye yule muuza kuku wa kukaanga wa Kariakoo, nyuma ya maduka ya vitenge. Niliamini kwamba mtu anayejuana na watu wengi hawezi kuwa mpweke. Ndugu zangu, nilijidanganya!

Siku hiyo nilikuwa nampelekea chakula mteja wangu Mama Shukuru, mshonaji wa mtaa wa Gerezani. Yule mama hataki kidari wala paja, anataka mguu tu. Akanipigia simu kunihimiza. Nikamjibu nikiwa mbele ya duka moja la vipuri, kwa sauti yangu hii mnayoijua: "Tulia mama, mguu wa kuku ninao hapa. Nakuja nao sasa hivi, leo utanikoma!"

Muda si mrefu majambazi waliovaa helmeti wakaingia duka lile na bastola, wakamjeruhi mwenye duka na kuchukua fedha. Na ninyi wa mjini mnajua, mitaani mguu wa kuku ni bastola. Muuzaji wa pale alikuwa amenisikia. Simlaumu, hakusema uongo hata kidogo. Alisema alichokisikia, nikashtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha.

Mahakamani sikuwa na wakili. Nilipojitetea kwamba mguu wangu ulikuwa wa kuku kweli, tena na pilipili juu, watu walicheka. Nikaomba Mama Shukuru aitwe, aseme nilikuwa naongea na nani. Hakimu akauliza, "Jina lake kamili?" Nikasema silijui. Miaka yote namuuzia, namwita Mama Shukuru! Nani huku kwetu anamuuliza mama wa watu jina alilopewa utotoni? Simu yangu yenye namba yake ilishachukuliwa na polisi. Watu niliowatuma wakamwambie, hakuna aliyekwenda. Kesi ya ujambazi kila mtu anakaa mbali nayo. Hakimu akasema hawezi kumwita mtu asiye na jina, akafunga utetezi wangu. Miaka thelathini jela!

Ndugu zangu, upweke nimeujua. Tulilala tumebanana, akigeuka mmoja tunageuka wote, na bado nilikuwa peke yangu. Wenzangu walinibatiza Mguu wa Kuku, wakaendelea na mambo yao. Siku za kutembelewa nilioga mapema, nikakaa kusubiri kuitwa. Mke wangu Rehema alikuja mwanzoni, kisha akaacha. Na ninyi nanyi, nawapenda, lakini nitasema ukweli mbele za Mungu: sikumwona mtu. Iliniuma sana.

Nikafika mahali nikaacha kuomba nitolewe. Nilichoka. Nikasema, "Bwana, nipe mtu mmoja tu anisikilize mpaka nimalize." Hilo tu! Nikapata amani ambayo sijui niieleze vipi. Rufaa nilikuwa nimeikata tangu nilipohukumiwa, na nilishaikatia tamaa. Ndipo ikaitwa.

Jaji alikuwa mama mmoja wa sauti ya upole. Akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikaongea! Nilieleza yote mpaka pilipili, na hakucheka wala hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Kuna lingine, baba?" Ndugu zangu, nililia palepale, kabla hata sijajua ataamua nini.

Siku ya hukumu alisema mshtakiwa ana haki ya kuleta shahidi wake, na kutojua jina si sababu ya kumnyima haki hiyo. Mahakama ilipaswa kumsaidia apatikane. Akasema pia kwamba hakuna aliyeniona dukani, na neno moja lenye maana mbili halitoshi kumtia mtu hatiani. Akafuta hatia na adhabu, akaamuru niachiwe. Haleluya! Mungu wetu si mwongo!

Nje ya geti hakukuwa na mtu wa kunipokea. Rehema ana maisha yake sasa, na nimemsamehe. Hata humu kanisani, tangu nirudi, benchi langu lina nafasi. Mnanipungia mkono, kisha mnakwenda kukaa mbele. Sina kinyongo. Hofu haimalizwi na karatasi ya mahakama.

Lakini Mungu aliyenisikia mimi anasikia. Mtumainieni! Na kama yupo hapa aliyehukumiwa bila kusikilizwa, iwe nyumbani, kazini au na ndugu zake wa damu, asione haya. Ibada ikiisha aje akae na mimi, aseme yote. Sitamkatiza.