Kabuya Nkashama, Mkereza Vyuma (Luena 1951 – Kamina 1999)

Ndugu, marafiki na majirani, mimi ni Marceline, binti wa kwanza wa marehemu. Wazee wa familia wamenituma niwasomee maisha ya baba yetu kabla hatujamfunika udongo. Nitasoma matamu na machungu pamoja, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda chuma ambacho ufa wake umefichwa kwa rangi.

Kabuya Nkashama alizaliwa Luena tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mzee Nkashama, aliyetoka Kasai kuchimba makaa, na mama Ngalula. Alisoma shule ya msingi hukohuko Luena. Mwaka 1965 akaja Kamina kwenye shule ya ufundi, akapata diploma ya kukereza vyuma, yaani kuvichonga vikizunguka kwenye mashine, mwaka 1970. Mwalimu wake aliandika chini ya matokeo: "Anapima mara tatu na bado hajiamini." Baba alilisoma neno hilo kama sifa.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika karakana ya Lwembe, hapahapa Kamina. Mwaka 1985 alipelekwa Ubelgiji miezi saba kujifunza mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, na mashine yenyewe ikafika Kamina kwa treni mwezi wa Mei 1986. Mkereza huiandikia namba, nayo hukata meno ya skrubu peke yake, ikipita mara nyingi katika mfereji uleule, kila mara ikizama kidogo zaidi. Rafiki yake na mkereza mwenzake Kisimba, Muluba wa Katanga, mwenyeji wa hapa Kamina, hakuiamini. Walishindana. Kisimba alimaliza buloni, yaani bolti, yake ya kwanza kwenye mashine ya zamani wakati baba bado anaandika namba, na karakana nzima ikacheka. Saa sita mchana baba alikuwa na buloni kumi na sita, Kisimba tano. Kisimba akavua kofia: "Kabuya, hii mashine haiendake hata kukojoa?"

Tarehe 8 Julai 1978 marehemu alifunga ndoa na mama yetu, Bilonda. Mungu aliwapa watoto wanne: mimi, Kalala, Mbombo na Ntumba.

Mwaka 1993 watu wa asili ya Kasai walipokuwa wakifukuzwa Katanga, mlinzi alimzuia baba kwenye lango la karakana alimofanya kazi miaka ishirini na mitatu. Tulilala stesheni wiki tano, tukingojea treni ya kwenda Kasai pamoja na maelfu ya wengine. Surua ikapita katikati yetu. Ntumba alifariki tarehe 2 Mei, akiwa na miaka minne. Tulimzika kando ya reli, ndani ya kitenge cha mama.

Siku ya tatu baada ya maziko Kisimba alikuja pale stesheni. Betri inayotunza kumbukumbu ya ile mashine ya kompyuta ilikuwa imekufa, na namba zote zinazoiongoza zimefutika. Baba peke yake alikuwa amezinakili, katika daftari la shule. Wakubwa wa karakana walimtuma Kisimba alichukue.

Baba alimwambia, "Ujiende ubaambie: siku batanirudishia Ntumba, njo siku nitabapa manumero yabo."

Kisimba alikaa chini kwenye mawe ya reli. "Sitabaambia kitu. Banituma, lakini minyi nimekuya kulia na weye."

Akatuchukua wote nyumbani kwake. Tulikaa nyuma ya nyumba yake miezi kumi na minne. Watu walivunja madirisha yake kwa mawe mara mbili, wakamwita msaliti, naye hakututoa.

Mwaka 1995, chuki ilipotulia, karakana ilimwita baba tena. Alirudi, akafanya kazi kwenye mashine ya zamani, na ile ya kompyuta akaiacha na kitambaa chake juu. Hakuna aliyethubutu kumuuliza habari za daftari. Mwaka 1997 askari wa serikali waliokuwa wakikimbia vita waling'oa mota za mashine za zamani wakaenda nazo. Ile nyingine hawakuigusa, labda waliidhani kabati.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa mwaka 1996. Vita vilipoanza tena Agosti 1998, dawa kutoka Lubumbashi zikakoma kufika. Macho yake yakafifia. Mwezi wa Juni mwaka huu kidonda kidogo cha mguu wa kulia kikageuka cheusi. Tarehe 28 Julai daktari Lukmani wa hospitali ya misheni alimwambia bila kuzunguka:

"Papa Kabuya, huu muguu unapashwa kukatwa. Lakini pompe ya kisima imekufa, meno ya chuma chake yamekwisha. Bila maji siwezi kupasua muntu. Niko na bamama babili, bote banangojea kupasuliwa."

Baba akasema atakikereza chuma kipya kwa ile mashine ya kompyuta, kwa kuwa ndiyo pekee iliyobaki nzima. Mama alimwomba alale. "Baba Marceline, Kisimba atafanya."

"Kisimba hajue hii mashine."

"Umufundishe!"

"Siku za kumufundisha haziko." Kisha akaniambia mimi nilete daftari.

Mzee Feruzi, mfanyabiashara wa sokoni, alitoa pipa la mazut, yaani dizeli. Jenereta ya hospitali ikasukumwa kwa mkokoteni mpaka karakana. Kwa siku nzima Kisimba alisoma namba kwa sauti, moja baada ya nyingine, na baba akaziandika kwenye mashine huku amesimama kwa mguu mmoja, akishikilia ukingo wake. Chuma kilichofaa kilikuwa vipande viwili tu. Kipande cha kwanza, kwenye mpito wa tisa, jenereta ilizimika. Umeme ukikatika, mashine husahau mfereji ulipoanzia, na meno yote huharibika. Baba alikigusa kwa kidole, akakiweka kando. Kisimba alisema, "Tuache, ndugu. Uende ulale." Baba akajibu, "Funga kile kingine."

Kipande cha pili kilikamilika jioni ya tarehe 31. Tarehe 1 Agosti maji yalitoka. Wale mama wawili walipasuliwa asubuhi ya tarehe 2. Wote wawili wako hai, na watoto wao. Baba alikatwa mguu mchana wa siku hiyo. Daktari ametueleza wazi kwamba sumu ilikuwa imeshapanda, na kwamba hizo siku tano zingeweza kumwokoa, kama maji yangekuwepo. Mama anauliza kila saa kama tulipaswa kumfunga kitandani.

Alifariki Jumapili tarehe 8 Agosti 1999, saa kumi na moja alfajiri. Neno lake la mwisho kwa Kisimba lilikuwa, "Daftari njo yako sasa."

Marehemu ameacha mjane, Bilonda. Watoto watatu, Marceline, Kalala na Mbombo. Mdogo wake Noé, aliyeko Mwene-Ditu na hakuweza kufika kwa sababu ya vita. Na Kisimba, ambaye familia imeamua aandikwe hapa kati ya ndugu. Ametanguliwa na Ntumba. Kaburi la Ntumba kando ya reli hatukuliona tena, kwa hiyo jina lake litaandikwa juu ya msalaba huu, chini ya la baba yake.

Mungu awapumzishe wawili hawa kwa amani.