Vizibo vya Darasa la Kwanza

— Elfu sitini! Na sipunguzi hata mia!

— Punguza, Randa, akasema Sindano. Nusu shari kuliko shari kamili.

— Hiyo nusu shari kampe mkeo. Mimi nimefanya kazi nzima, nataka hela nzima.

Nilikuwa nimesimama, na mimi nikisimama kijiweni watu huvuta vikombe vyao karibu. Kijiwe chetu ni benchi moja refu nililolitengeneza mwenyewe, limeegemea ukuta wa karakana yangu pale njia mbili zinapokutana. Upande wa kushoto hukaa Sindano, fundi cherehani, ambaye ukimpelekea nguo ya harusi utaivaa kwenye arobaini ya mtoto. Upande wa kulia hukaa Wakili, aliyelinda geti la mahakama miaka kumi na miwili akisikiliza kesi dirishani, na sasa anatoa hukumu bure. Katikati yao kuna drafti lililochorwa juu ya mbao ya benchi, kete zake ni vizibo vya soda vyenye kutu. Mbele yetu Mama Birika na jiko lake la mkaa. Mimi ndiye Randa, seremala. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kubomoa viti vibovu na kuviunga upya mpaka vikakubali kukaliwa. Jina walinipa kwa sababu nikikuta kigongo sikizunguki, nakipiga randa.

Asubuhi hiyo mkokoteni ulikuwa umenirudishia vibao kumi na vinane. Wiki mbili nyuma, Mwalimu wa darasa la kwanza aliniletea gunia la vizibo mia tatu na sitini, visafi kama sahani, pamoja na karatasi yenye mchoro: kibao chenye mifereji miwili, na kila mfereji una duara kumi. Vya watoto kujifunzia hesabu, akasema, kibao kimoja watoto wanne. Nikanunua mbao kwa hela yangu. Nikachimba mifereji, nikapiga msasa. Halafu, ili hata kizibo kimoja kisipotee, nikakipiga kila kimoja msumari katikati, nikamalizia vanishi mara mbili. Vibao viking'aa hivyo, vikarudi na kikaratasi chenye maneno matatu: “Fundi, sivyo. Silipi.”

— Hebu lete huo mchoro, akasema Wakili.

Nikampa. Akavaa miwani yake yenye kioo kimoja.

— Duara kumi juu, duara kumi chini. Je, kuna duara lenye miguu? Hakuna. Kuna mshale unaoonyesha duara linakwenda mahali? Hakuna. Mchoro ni mkataba, na mkataba umetulia. Randa amefuata. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

— Sasa daftari limeingiaje hapo? akauliza Mama Birika.

— Msumari ndio daftari la kizibo, mama.

— Mimi nawalaumu walimu wa siku hizi, akasema Sindano. Kila kitu mtoto ashike. Somo la maji, analetewa ndoo. Somo la duka, wanafungua duka la maboksi darasani, wananunuliana hewa. Sisi tulishika nini? Masikio yetu tu, na hata hayo mwalimu ndiye aliyeyashika. Na hesabu tulijua.

— Ulijua wewe? Suruali ya mume wangu uliipima mara mbili, mguu mmoja ukatoka mrefu.

— Kile kitambaa ndicho hakikusoma. Binti yangu yuko darasa hilohilo la Mwalimu. Anahesabu mpaka mia bila kizibo hata kimoja. Tena bila kuvuta pumzi!

— Ongeza hapo, nikamwambia, maana maneno yalikuwa yananipoza.

Wakili akasogeza kete moja, akashusha sauti kama mtu aliyeona faili la siri.

— Ngoja niwaambie kitu ambacho hamtakisikia popote. Mnadhani fedha za maofisini huanzia wapi kutembea? Huanzia darasa la kwanza. Mtoto anapewa saba mkononi. Anahamisha moja, inakuwa sita. Anahamisha nyingine, tano. Hakuna anayemkamata, anapigiwa makofi! Akikua anapewa ofisi. Atafanya nini? Atahamisha. Lakini mtoto aliyeikuta saba imepigiliwa msumari, huyo mpe funguo za benki ukalale. Utaikuta saba yako palepale. Samaki mkunje angali mbichi, na namba ipigilie ingali changa.

— Kabisa! Sindano akapiga goti. Na kitu kilicholegea humlegeza mtoto. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawa vijana suruali zinawashuka chini ya makalio, watu wanasema eti Sindano kashona vibaya. Si mimi. Ni vizibo vilivyolegea utotoni.

— Basi Randa ameokoa taifa, akasema Mama Birika.

— Taifa? Wakili akakasirika. Dunia! Hao wanaosema dunia inazunguka, walifundishwa kwa vitu gani? Vya kuzungushwa. Wangefundishwa kwa kitu kilichopigiliwa vizuri, leo tungekuwa na dunia iliyotulia, na saa zote zingekuwa mchana.

Nikacheka mpaka hasira ikaniponyoka, nikakaa. Nikaiona elfu sitini yangu inarudi nyumbani kwa miguu yake.

Ndipo Mama Birika akasimama, akafuta mikono kwenye kanga.

— Shikamoo, Mwalimu.

— Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapo kijiweni?

Tukajibu kama darasa, wote kwa pamoja. Mwalimu ni mama wa makamo, mwembamba, miaka kumi na tisa akifundisha darasa la kwanza. Viatu vyake vina vumbi la chaki hata wakati wa likizo. Hakukaa. Alichukua kibao kimoja kwenye lundo, akakiweka magotini mwa Wakili juu ya mchoro.

— Nina swali moja tu. Mtoto ana vizibo saba hapa. Anataka kumpa mwenzake vitatu. Anampaje?

Wakili akakohoa.

— Swali hilo liletwe kwa maandishi.

— Mtoto wa miaka sita hawezi kusubiri maandishi, ndiyo kwanza anajifunza kuandika. Anampaje?

— Atavifunika, akasema Sindano. Anaweka kiganja hivi, vitatu havionekani. Vimebaki vinne. Hesabu imeisha!

— Sikusema avifiche, baba. Nimesema ampe. Mwenzake ameshakinga mkono.

Sindano akautazama mkono wake mwenyewe. Wakili akageuza kibao chini juu, labda jibu lilikuwa mgongoni. Mimi nilitazama misumari yangu. Misumari ilikuwa mizuri, vichwa vyote sawa, na hakuna hata mmoja uliokuwa na la kusema.

— Kwani lazima wapeane? nikafoka. Kuona haitoshi? Mwalimu, mimi maneno ya kuzunguka siyajui. Ulichora duara, nimeweka duara. Vizibo vingepotea siku ya kwanza, ungekuja kunilaumu.

— Vingepotea, ndiyo. Hata vijiti kila Ijumaa tunavihesabu ili tujue vingapi vimepotea. Hiyo nayo ni hesabu, Fundi, tena ndiyo wanayoipenda. Wanapiga magoti kuvisaka chini ya madawati.

Akamgeukia Sindano.

— Na wewe, binti yako hahesabu mpaka mia. Anaimba mpaka mia.

— Mwalimu!

— Anaimba vizuri sana. Wiki ya mwisho kabla ya likizo nilimwambia, niletee vijiti vitatu. Akatoka nje akaniletea fungu zima, amelikumbatia. Nikamwambia, vitatu. Akaanza wimbo upya, moja mbili tatu nne tano, na fungu bado liko kifuani. Hajui kwamba tatu ni kitu. Na si yeye peke yake. Kati ya sabini na wawili, wa namna hiyo ni zaidi ya nusu. Wenzao wanatumia vidole. Wakifika kumi wanavua viatu, na wasio na viatu ndio wanaofika ishirini mapema.

Mama Birika alitaka kucheka, akaacha. Sindano alikuwa ameinamisha kichwa, anachomoa uzi kwenye shati lake ambalo halikuwa na uzi wa kuchomoa.

— Lakini mchoro, Mwalimu, akasema Wakili. Kisheria, mchoro...

— Zamu ya nani hapo kwenye drafti?

— Yangu. Nakula mbili halafu naingia kingi.

— Fundi, niazime nyundo na msumari.

Nikatoa mfukoni mwa aproni bila kufikiri. Mwalimu akikuomba kitu, mkono wako unakumbuka shule. Akashika kete ya Wakili, akaupachika msumari katikati, akaugonga mara tatu, tena kwa mkono uliozoea kazi.

— Haya, kula.

— Huku ni kuharibu mali ya mtu!

— Mbona mchoro haujabadilika? Kete iko palepale ilipokuwa. Kula, baba.

Wakili akaivuta kete kwa kidole kimoja, kisha kwa viwili. Sindano akaanza kucheka kwa pua. Mimi sikucheka. Nilichukua koleo nikakaa na kibao changu, nikaushika msumari mmoja nikaung'oa. Ulitoka na nusu ya kizibo. Nikang'oa mwingine taratibu. Kizibo kikatoka kizima, lakini katikati kina tundu lenye meno. Nikapitisha kidole gumba changu, chenye ngozi ya miaka thelathini ya mbao. Kikanikata.

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa anaitazama ile damu.

— Tangu likizo ianze nilikuwa navikusanya, akasema. Kwenye kumbi za harusi, kwenye maduka ya soda, nainama chini ya meza za watu. Nikavichemsha. Kila kimoja nikakigonga kingo kwa jiwe, kimoja kimoja, ili kisimkate mtoto.

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anayesoma mahudhurio.

— Sikujua, nikasema.

— Hukuniuliza. Na mimi sikukwambia vinahamishwa, niliona ni kitu kinachojulikana. Kosa hilo ni langu, nalikubali. Lakini mifereji umeichimba vizuri. Sijawahi kuona mbao laini hivi, mtoto anaweza kuilalia shavu. Vibao navitaka.

Akafungua mkoba, akatoa bahasha, akanionyesha unene wake, akairudisha.

— Hela yako ipo yote. Ni ya wazazi sabini na wawili, wengine wametoa sarafu. Nikiitoa kwa vibao ambavyo juu yake mtoto hawezi kumpa mwenzake vizibo vitatu, nitasimama vipi mbele yao? Shule inafunguliwa Jumatatu, Fundi. Kengele ya kwanza ni hesabu.

— Leo ni Alhamisi, akasema Mama Birika.

— Najua ni Alhamisi. Nimekuja kwa miguu ili nisipoteze hata Alhamisi yenyewe.

Akatuaga, akavuka njia, akaingia duka la soda la ng'ambo. Tulimwona anainama chini ya meza ya wateja, anaokota.

Wakili akajikohoza.

— Randa, usibabaike. Hapo kuna njia tatu za rufaa. Kwanza...

— Nyamaza, Wakili.

Nikasimama tena. Safari hii hakuna aliyevuta kikombe.

— Siku ile nilipokuja hapa na gunia lile, nani alisema pigilia, mali ya watoto wengi haina mwenyewe?

— Nilitoa maoni tu, akasema Wakili.

— Nani alisema ana boksi la misumari midogo ya kiatu, inatosha vyote?

— Ulikuwa msaada, ndugu yangu, akasema Sindano. Mtu akisaidia...

— Nyundo nimeigonga mimi. Sijifichi. Nusu ni yangu: mia na themanini, nitavitafuta usiku na mchana, nitavichemsha, nitavigonga kingo. Leo naanza kung'oa misumari na kuziba matundu ya mbao kwa gundi na unga wa mbao. Lakini nusu ya pili ni ya midomo yenu. Tisini wewe, Sindano. Tisini wewe, Wakili.

— Mimi nina magauni matano ya...

— Magauni yako yamezoea kusubiri. Binti yako ameshika fungu la vijiti anaimba, wewe unatuambia anahesabu. Tisini.

Sindano akasimama, akakunja mikono ya shati, akaniuliza kwa sauti ndogo:

— Kingo zinagongwa kwa jiwe la namna gani?

— La bapa. Mama Birika atakuonyesha.

— Nitamwonyesha, akasema Mama Birika. Na mimi natoa ishirini vya akiba.

— Basi chukueni hivi vya drafti, Wakili akasema, akaanza kuvisukuma upande wangu. Viko ishirini na vitatu, ukitoa kile alichokigongea Mwalimu. Nimebakiza sitini na saba tu.

— Hivyo vina kutu. Sivipokei.

— Sasa Randa, tuongee kama watu wazima. Kwa sheria ipi unanidai vizibo mimi, mtu mzima mwenye wajukuu?

— Tisini.

— Hakuna maandishi. Hakuna shahidi.

— Tisini, Wakili. Visafi, visivyo na tundu, kingo zimegongwa. Jumapili saa kumi viwe juu ya benchi hili. Inuka ukavitafute.