Mbwa Aliyeitwa Hodi

Kwanza nimshukuru Mungu. Wengi wenu hapa mtaani Fedha mnanijua nikiwa nyuma ya kamera, kwenye harusi zenu na mazishi yenu. Leo mmeniweka mbele na sijui mikono niiweke wapi. Majina sitataja. Anayehusika atajijua.

Mnakumbuka mlivyotusindikiza. Mke wangu alipata kazi ya uuguzi Uingereza, mji mdogo wa kaskazini uliozungukwa na vilima na kondoo, nami nikafunga studio yangu ya Kariokor nikamfuata. Nilijiambia picha ni picha popote. Ndugu zangu, nawaambia, kule ukiinua kamera barabarani watu wanakugeuzia mgongo. Kazi sikupata, nikajifungia ndani. Mke akienda kazini niko kitandani, akirudi niko kitandani. Mtu wa kelele kama mimi, wa kupanga maharusi, "Shemeji inua kidevu, mama sogea," nikawa namaliza siku nzima bila kutoa neno. Kamera ikaenda chini ya kitanda. Hata ninyi niliacha kuwapigia, kwa sababu mngeniuliza Ulaya kukoje, na Ulaya niliyoijua mimi ilikuwa dari.

Mke wangu alinisema, akaniombea, mwisho akanyamaza pia. Halafu Jumamosi moja asubuhi akaitoa kamera, akaipangusa vumbi kwa leso yake, akanivisha koti kama mtoto. "Mzee wangu," akasema, "siwezi kuwa mjane wa mtu aliye hai. Toka ukapige picha ya chochote, hata jiwe. Ukishindwa, naacha kazi, tunafungasha, tunarudi nyumbani." Kazi ile alikuwa ameihangaikia tangu ujana wake. Nilitoka kwa hofu ya maneno hayo, si kwa kutaka.

Kijia kikanifikisha kwenye geti la shamba. Palikuwa na kibao kinachosema wapitao wapite tu. Lakini mimi ni mtoto wa Majengo. Nipite katikati ya shamba la mtu, mtu mweusi na begi mgongoni, bila kubisha? Hapa kwetu ningekuwa nimeshapigiwa kelele za mwizi. Basi nikasimama nikaita, "Hodi!" Kondoo wakaniangalia. Nikaita tena kwa nguvu, "Hodi! Hodi hapa!"

Akatokea mama mzee, buti za mvua miguuni na fimbo mkononi. Nikajua leo yamenifika. Akaniuliza, kwa Kiingereza chao kile cha kumeza maneno, amepotea tangu lini.

"Nani?"

"Huyo Hodi wako. Ni mbwa wa aina gani?"

Chekeni tu, hata mimi sasa nacheka. Siku ile ulimi ulikuwa umelala kwa kukosa kazi. Kabla sijamweleza, mama ameshafungua geti, ametangulia, anapiga mluzi na kuita, "Hodi! Hodi, njoo!" Nikamfuata. Ningefanyaje, na mtu mzima ananitafutia mbwa?

Tukapita kuta za mawe, tukavuka kijito, sungura akasimama wima akatutazama. Juu ya kilima nikaona bonde lote, kijani cha kila aina, na vivuli vya mawingu vikitambaa juu yake. Nilikuwa nimeishi chini ya kilima kile miezi mingi na sikuwahi kukitazama.

Halafu bundi akatoka kwenye ghala bovu. Mnajua bundi kwetu. Akilia juu ya bati, mtaa mzima unauliza nani anaumwa. Huyu alikuwa mweupe, akapita chini chini bila sauti, akatua kwenye nguzo ya ua. Mama akanishika mkono nisisogee. Nikajikuta nimeshatoa kamera, na mdomo wangu unasema, "Bibi harusi, geuka kidogo." Akageuka, nawaapia. Nikampiga picha huku machozi yananitoka.

Ndipo nikamwambia mama ukweli, kwamba mbwa hayupo, hilo ni neno letu la mlangoni. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza mwenye nyumba hujibu nini. Nikamfundisha: karibu. Akasema kijia kile ni cha kila mtu, hakuna anayeombwa ruhusa. "Lakini tangu mume wangu afariki, hakuna aliyeita getini kwangu. Wewe endelea kuita."

Niliendelea, kila Jumamosi. Nikapiga picha za kulungu, za ndege wa kijitoni, za theluji juu ya kuta. Zikatundikwa kwenye ukumbi wa mji, na wale wale walionigeuzia mgongo wakaanza kuniita harusini. Mama yule namshukuru mbele yenu.

Ila siku ile ya kwanza nilirudi na matope hadi magotini, nikamkuta mke wangu ameshateremsha masanduku. Nikaanza kuongea nikiwa bado mlangoni. Niliongea mpaka chai ikapoa. Akayarudisha masanduku juu ya kabati, akakaa sakafuni, akalia.

Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyenyamaza, usimwambie ajikaze. Mvishe koti, mfungulie mlango, na ukubali akukasirikie. Mwenyewe ameketi safu ya nyuma, ananikazia macho niishie hapa, lakini leo nitasema, maana kule sikumwambia. Mke wangu, asante kwa kunifukuza nyumbani.