Joho Lililoletwa na Majirani

Bwana asifiwe! Wa kule nyuma, hiyo Amina ni ya watu walioshiba au ya wanaosikia harufu ya pilau? Bwana asifiwe tena!

Asanteni wanawake wa Baba Dogo kwa kunialika. Mimi ni Mama Imani. Mume wangu ni mchungaji wa kanisa moja kule Mbotela, kanisa la zamani, lenye kengele, viti vya mbao na baraza la wazee. Lakini tunaishi Pipeline, gorofa ya sita, na lifti yetu ni magoti. Nimekuja kumshukuru Mungu kwa sababu nilikuwa nimeraruka vipande viwili, naye akanishona.

Ndugu zangu, kabla mume wangu hajapewa kanisa, Mungu alituweka katika lile jengo tuishi na watu. Hatukuhubiri na spika. Tulibeba mitungi ya maji pamoja, tukalea watoto pamoja, tukazika pamoja. Na pale kwetu kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika: nguo zote zinaanikwa juu ya paa, na mvua ikianza, aliye nyumbani anaanua za wote. Za wote! Hata za yule mliyegombana naye asubuhi. Kisha jioni mnabishiana mlangoni, hii soksi ni ya nani.

Basi kanisa likaja na mambo yake. Jumatatu mazishi, Jumanne kamati, Jumatano kamati ya kuangalia ile kamati. Washirika wakiugua wanamtafuta mchungaji, na wakimtafuta wanapanda ngazi. Mzee Shadraka, mwenyekiti wa baraza, alipanda mara moja. Alipofika gorofa ya nne alikaa juu ya mtungi wa mtu akaomba maji, na tangu siku hiyo akawa na ufunuo. Alisema kanisa lina nyumba pale Mbotela, ina geti, ina maua, mchungaji ahamie. "Mama mchungaji hawezi kuonekana amebeba ndoo kwa ngazi," alisema. Kisha akaniuliza, "Hao watu wa gorofa, umemleta nani kanisani?"

Sikuwa nimeleta mtu. Hata mmoja! Niliingia bafuni nikafungua mfereji ili nisisikike nikilia, halafu nikakumbuka mfereji hauna maji. Nililia jengo zima likasikia. Sikutaka kuhama, ndugu zangu. Na kanisa nilikuwa nalipenda, hilo ndilo lililonitesa. Baraza lilikuwa liamue baada ya Jumapili ya kipaimara, siku ya kuja kwa Askofu.

Jumamosi nikafua joho jeupe la mchungaji, nikalianika juu ya paa. Kidogo tu, naitwa kanisani kupanga maua. Nikaenda. Na mvua nayo ikaja! Mvua ya Nairobi haibishi hodi.

Aliyekuwa nyumbani ni Baba Kevo, jirani yetu wa gorofa ya tano. Yeye anafanya kazi ya usiku kiwandani, kwa hivyo mchana ndiye mwanuaji wetu mkuu. Akaanua nguo za jengo zima, akazirundika kitandani kwake, akafunga kufuli, akaenda zake kazini kabla sijarudi. Jumapili asubuhi tukasimama mbele ya lile kufuli kama watu waliokuja kulikagua. Joho liko ndani, Askofu yuko njiani. Nikamwambia Mama Halima, jirani yangu wa mlango kwa mlango, amwambie Baba Kevo akirudi. Tukaondoka bila joho.

Mzee Shadraka alimwona mchungaji bila joho, akasikia habari ya lile kufuli. Alisema tu, "Kule kwa nyumba ya kanisa kuna kamba ya nguo, na ni ya mtu mmoja." Wakamtafutia joho la kwaya. Mume wangu ni mrefu, ndugu zangu. Lile joho la rangi ya damu ya mzee lilimfika magotini. Alifanana na mtoto aliyerefuka likizo, akarudi shule na sare ya zamani. Askofu akamtazama, akatazama juu, nadhani alikuwa anaomba.

Tukiwa katikati ya ibada, mlango mkubwa ukafunguka. Baba Kevo, na gambuti zake za kazini, ameinua joho jeupe juu kwenye henga! Nyuma yake Mama Halima na buibui lake, na nyuma yake akina mama wa korido yetu, na leso zao.

Sasa, watu wa kanisa la zamani mnawajua. Wakiona kitu kimeinuliwa kinapita katikati, wanasimama. Kanisa zima likasimama! Kwaya ikaanza wimbo wa maandamano. Askofu akasimama. Mzee Shadraka akasimama na magoti yake. Baba Kevo naye, kuona anasimamiwa, akapunguza mwendo kabisa!

Walipofika mbele, Mama Halima akamwambia Mzee Shadraka, "Mzee, tusamehe kuchelewa. Lilikuwa limejikunja, na stima ilikuwa imepotea, nikapiga pasi ya makaa." Kisha wakaketi wote kwenye kiti cha wazee, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na wazi. Wenyewe walikuwa wamesimama!

Baada ya ibada mzee akamuuliza Mama Halima ni nani aliyemtuma. Akashangaa. "Nani anitume? Nilipojifungua, huyu mama alinianulia nguo za mtoto msimu mzima wa mvua. Ni zamu yangu."

Baraza lilipoketi, nilingoja nje. Mume wangu ndiye aliyenisimulia. Mzee Shadraka aliinuka akasema, "Nina geti tangu niwe kijana. Siku nitakayopotelewa na joho, hakuna jirani atakayelijua kuwa ni langu. Waacheni pale." Nyumba ya Mbotela ikawa ofisi, wagonjwa na wenye shida wanamkuta mchungaji huko mchana. Jioni anarudi kwetu, anabeba maji.

Haleluya! Mama Halima bado ni Muislamu na mimi bado ni Mkristo, msipige makofi ya bure. Baba Kevo siku hizi huja ibada ya kwanza akitoka kazini, anakaa nyuma, analala. Lakini wimbo wa maandamano ukianza, anaamka wa kwanza.

Ndugu yangu, labda nawe umeraruka, hujui Mungu anakutaka madhabahuni au kwenye ngazi. Mwamini. Yuko kote kuwili, na sindano anayo. Wewe nenda nyumbani, na mvua ikianza, usianue zako peke yako.