Robo na Theluthi

MBONI: Haloo? Haloo, hapo ni chuoni Lindi? Namtaka Mwalimu Klementi.

KLEMENTI: Ndiye mimi. Nani mwenzangu?

MBONI: Mboni, shemeji. Shikamoo.

KLEMENTI: Marahaba. Kipatimu hawajambo? Dada yako Rosa—

MBONI: Hawajambo. Shemeji, simu ya misheni hii, wamenipa dakika tatu tu. Robo na theluthi, jumla yake ngapi?

KLEMENTI: Umenipigia kwa ajili ya hesabu?

MBONI: Gari la kijiji lina robo tangi. Padre ametupa mafuta ya kujaza theluthi ya tangi hilohilo. Kufika hospitali ya wilaya ni nusu tangi. Sasa dereva Likwata kagoma kuendesha.

KLEMENTI: Kagoma kwa nini?

MBONI: Kajumlisha. Moja na moja mbili, nne na tatu saba. Sehemu mbili kati ya saba, nusu haifiki. Anasema tutalala porini na mgonjwa.

KLEMENTI: Lo, mbili kati ya saba haifiki hata hiyo theluthi ya Padre! Ameongeza mafuta yakapungua?

MBONI: Anasema umemfundisha wewe, kwenye kisomo cha watu wazima.

KLEMENTI: Kujumlisha sehemu tulikuwa bado! Nimeitwa semina tukiwa katikati— Mgonjwa nani?

MBONI: Mama mjamzito. Hesabu, shemeji, nakuomba.

KLEMENTI: Haya. Robo na theluthi vipande vyake havilingani, havijumlishwi hivihivi. Kile kijiti chake cha kupimia tangi akigawe sehemu kumi na mbili sawasawa. Robo yake sehemu ngapi?

MBONI: Tatu.

KLEMENTI: Theluthi?

MBONI: [mikwaruzo] ...nne. Nne! Jumla saba.

KLEMENTI: Na nusu?

MBONI: Sita. [kwa mbali] Likwata! Zinatakiwa sita, tunazo saba! Washa gari!

KLEMENTI: Mboni. Mama gani huyo?

MBONI: Haloo? Sauti inakatika—

KLEMENTI: Rosa ni mwezi ujao. Mboni, si mwezi ujao?

MBONI: Uchungu ulimshika jana asubuhi. Mkunga kashindwa. Ningekwambia mwanzo, ungeweza kuhesabu?

KLEMENTI: Mungu wangu. Mwambie Likwata matope yanakula mafuta, hiyo sehemu moja inayozidi—

MBONI: Ndiyo tuliyo nayo. Wananiita, shemeji. Tuombee.

KLEMENTI: Ngoja. Ulisema theluthi ni nne? Mboni? [simu imekatika] Haloo? Robo, tatu. Theluthi, nne. Tatu na nne...