Kengele ya Klabu ya Baiskeli Moja

Mgeni rasmi, Papa Byukusenge, bingwa wa zamani wa baiskeli na mwandalizi wa Mbio za Amani za kutoka Masisi hadi Walikale, Papa Nestor ambaye ndiye Prefe wetu, mkuu wa shule, wazazi, walimu, na wewe mpishi wa internati, bweni letu, ambaye leo, kwa sababu ya ugeni huu, umekumbuka kwamba nyama ipo duniani:

Sisi wanachama arobaini wa Klabu ya Baiskeli ya shule hii ya bweni, tukiwa na akili timamu na viatu vilivyopakwa rangi, tuna heshima isiyopimika kukupokea, mgeni rasmi, katika makao makuu ya mchezo wa baiskeli kwa milima yote inayoonekana kutoka hapa. Makao makuu hayo ni ukuta wa nyuma wa jiko. Baiskeli za klabu zimepangwa hapo zikisubiri ukaguzi wako. Tunasema "zimepangwa" kwa sababu ndivyo Prefe alivyotusahihishia. Ipo moja, na imeegemezwa.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, uliposhuka garini leo asubuhi ulivuta pumzi, ukatazama bonde, ukamwambia Prefe kwamba umeendesha baiskeli katika nchi nyingi lakini hujaona njia tulivu kama hii yetu ya kando ya mfereji. Ulisema waendeshaji wako wataipenda. Prefe alicheka kwa adabu. Nasi tulicheka, maana Prefe alikuwa ametutazama.

Karibu sana. Huo utulivu tutaueleza mbele kidogo, tukishamaliza mambo ya kufurahisha, ambayo si mengi.

TULIKOTOKA

Mfereji ulichimbwa na babu zetu ili kukausha kinamasi, kuanzia upande huu wa Kibabi hadi karibu na Muheto. Ng'ombe waliukanyaga ukingo wake miaka mingi mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Huko ndiko klabu yetu ilikozaliwa, na aliyeizaa ni mwenzetu Gisubizo Hakorimana, wa Muheto.

Gisubizo aliingia darasa la kwanza la sekondari akiwa juu ya baiskeli ya marehemu baba yake, godoro likiwa nyuma, sufuria ikining'inia mbele, na jibini ya mama yake ikiwa ndani ya shati. Mlangoni aliambiwa kwamba kanuni za internati zinamkataza mwanafunzi kuwa na mali yake binafsi ya thamani. Alikaa juu ya godoro lake pale pale akafikiri. Kabla ya chakula cha jioni alikuwa ameanzisha klabu, akajichagua rais, akaipa klabu zawadi ya baiskeli, na Prefe akatia sahihi. Mpaka leo Prefe husema hakuona vizuri alichokuwa anakisainia.

Tulijifunza sote kwa baiskeli hiyo moja. Mmoja anapanda, wengine wanakimbia nyuma, na kila penye daraja la miti tunabadilishana. Ndiyo maana klabu yetu ya baiskeli imetoa vijana wenye mbio nzuri sana za miguu.

Siku hizo Gisubizo hakuweza kwenda mwendo wa mtu mzima bila kupiga kengele. Kulikuwa na mama wenye mizigo ya sombe, majani ya muhogo, vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizojaa viazi, watoto wenye madumu, na ng'ombe ambao hawajawahi kumpisha mtu. Kidole gumba kilimvimba. Mama mmoja akiruka pembeni na kumwaga maharage, alimtukana Gisubizo, akamtukana na fundi aliyetengeneza kinga yake, yaani baiskeli. Gisubizo hakusimama. Aligeuza shingo tu na kumwambia, "Mukamuulize mama!" Akaendelea zake.

Kila aliyekuwa na neno juu yake alitumwa huko. Na kwa kuwa Mama Gisubizo ni mtengenezaji wa jibini, na kila malalamiko aliyamaliza kwa kukata kipande, ilifika wakati watu wa Muheto walikwenda kumlalamikia hata pale ambapo baiskeli haikuwagusa.

TULIYOYAFANYA

Tulimfikisha mwenzetu wa klabu, Josiane, kwenye kituo cha afya akiwa na malaria, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa Gisubizo asianguke. Alifika akiwa na homa na mchubuko mmoja. Huo mchubuko ni wetu, homa haikuwa yetu.

Tulishika nafasi ya pili katika mashindano ya shule. Shule zilizoshiriki zilikuwa mbili.

Tumeshajua kuziba tairi kwa kipande cha ndala, na mpishi wetu, aliyeapa kwamba hatapanda kitu kisichokula majani, sasa anaendesha hadi kisimani.

Vilevile klabu iliadhibiwa kulima shamba la Prefe Jumamosi nzima, kwa sababu ambazo hazina umuhimu kwa mkutano huu.

YANAYOTUSHINDA

La kwanza ni pampu. Tunatumia ya jirani, na jirani amehama.

La pili ni huo utulivu. Mgeni rasmi, njia yetu haikuzaliwa tulivu. Risasi zilianza kusikika mlima wa ng'ambo, kisha mlima wa huku. Mama wa maharage akaondoka na godoro kichwani. Vijana wa chukudu wakapakia watoto mahali pa viazi. Ng'ombe nao wakachukuliwa, hatutasema na nani, kwa kuwa tumeshauriwa tusitaje majina. Ukafika wakati mtu aliweza kuachia mikono yote miwili, akafumba macho, akaenda hivyo hadi Muheto bila kugonga hata kuku.

Wengine tulifurahi, tuseme ukweli. Gisubizo hakufurahi. Aliendelea kupiga kengele kila kona, mbele ya nyumba zisizo na milango. Josiane akamcheka, akamuuliza kama anayapigia majani.

"Napigia bale balikuwaka hapa," akasema. "Siku batarudia, basikute njia imewasahau."

Kisha akampa Josiane zamu yake, akakimbia nyuma.

La tatu ni Jumamosi ile ile ya kulima. Gisubizo hakulima, maana alikuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani. Alasiri alikuwa anarudi, jibini yetu ikiwa ndani ya shati. Yaliyompata tuliambiwa na Papa Sebarenzi, mchungaji aliyebaki na ndama wawili na aliyekuwa amejificha nao mteremkoni.

Penye daraja la mikaratusi palikuwa na mwanzi umelazwa kukata njia, na nyuma yake, kivulini, watu wamekaa. Gisubizo aliuona kutoka mbali. Hakufunga breki. Papa Sebarenzi anasema uso wake ulichangamka kama wa mtu aliyekuta nduguze. Alipiga kengele mara mbili, akalala juu ya usukani, akapita chini ya mwanzi, upande ule ulioinuka kidogo, huku akicheka. Akageuza shingo na kupaza sauti, "Mukamuulize mama!"

Nyuma yake hakuna aliyecheka. Mimi ninayesoma nadhani hicho ndicho alichokisikia kwanza, kwamba hakuna aliyecheka. Kisha bunduki ikapigwa juu, na baiskeli ikaingia mferejini. Wakamtoa majini kwa kola ya shati. Jibini wakaila pale pale. Yeye wakamtwika mzigo, wakaondoka naye kuelekea upande wa Walikale, na wengine wao wakabaki na mwanzi.

Prefe alituuliza kwa nini kijana mwenye akili, anayejua breki kuliko sisi sote, hakusimama mbele ya barieri, kizuizi cha wenye bunduki. Tulijibu kwamba breki zilikatika. Prefe akaandika hivyo. Baiskeli ililetwa na Papa Sebarenzi, na ni hiyo hapo ukutani. Ukipenda, zijaribu breki zake.

Tangu siku hiyo maharage yamevunwa mara mbili. Prefe amekwenda kwa wakubwa, akaambiwa alete barua, akaleta, akaambiwa imepokelewa. Mchuuzi mmoja aliyetoka Omate, kule kwenye mashimo ya madini, alisema aliona vijana wakibeba magunia, na mmoja alivaa shati la bluu kama letu. Lakini mashati huuzwa. Usiku, majina yanapoitwa bwenini, Prefe bado husoma "Hakorimana". Husubiri kidogo. Kisha husoma linalofuata.

TUNACHOOMBA

Tunaomba pampu. Tunaomba baiskeli ya pili, ili neno "klabu" lisituaibishe mbele ya wageni.

Ombi lenyewe ni hili. Umetangaza kwamba siku ya mbio mwanzi wa daraja la mikaratusi utainuliwa, na barieri zote hadi Walikale, maana umezungumza na wenye nazo na wamekubali. Hatujui ulizungumza nao vipi. Sisi hawazungumzi nasi. Basi mwandike Gisubizo Hakorimana kati ya waendeshaji wako. Mpe namba yoyote itakayobaki. Yeye ametangulia tu, yuko njiani kabla ya wengine wote. Mwanafunzi akipotea, watu huandika barua. Mwendeshaji akipotea katikati ya mbio, hata wale mliopatana nao watalazimika kuulizwa yuko wapi.

Prefe amekuandalia jogoo. Zawadi yetu sisi ni kengele hii, tumeifungua kwenye baiskeli asubuhi. Ukifika Omate, karibu na mashimo, ipige mara mbili. Wanaobeba magunia hawaruhusiwi kuinua kichwa, tumesikia hivyo, kwa hiyo usitafute uso. Sikiliza tu. Akitokea mtu aliyeinama akasema "mukamuulize mama", ndiye.

Hapa ndipo inapoishia risala aliyoipitisha Prefe. Papa Nestor, utusamehe, tunaona umeanza kupiga makofi. Bado kidogo.

Leo asubuhi, kabla gari lako halijafika, mgeni rasmi, tulikuwa tunafunga maua ya karatasi kwenye nguzo hizi. Mama Gisubizo akaja na jibini ya kukupa wewe. Yuko pale, mstari wa pili, mwenye kitenge cha kijani. Aliiweka jibini chini, akatusalimu mmoja mmoja, akamshika mkono Plamedi, ambaye ndiye anayekusomea maneno haya. Alimwambia amekwenda kule barieri mara nyingi kumwombea mwanawe, na kila mara wale watu wanamcheka.

"Banasema mutoto yangu njo aliwaambia baniulize miye," akasema. "Baniulize nini? Weye njo rafiki yake, Plamedi. Alitaka baniulize nini?"

Plamedi akamwambia habari ya breki.

"Siulize breki," akasema Mama Gisubizo.

Hakuuachia mkono. Maua yote yalikwishafungwa, hatukuwa na kazi nyingine ya kujifanya tunaifanya.

Mgeni rasmi, njia ilipotulia, sisi tulichoka na utulivu, tukatafuta mchezo. Tulikata mwanzi, tukaulaza juu ya panda mbili za miti penye daraja la mikaratusi, tukaupaka mistari, tukaweka barieri yetu. Wanafunzi wa darasa la kwanza waliopita kuchota maji walilipa kiazi kimoja kila mtu, na tuliwapa jeton, stakabadhi ya kupitia, ya jani la mgomba. Tulikunja nyuso, tuliwauliza wanatoka wapi na baba yao ni nani, kama wanavyoulizwa wakubwa. Ilituchekesha sana. Gisubizo hakulipa hata siku moja. Alipiga kengele mara mbili, akalala juu ya usukani, akapita chini, akatutuma kwa mama yake. Hata yeye tulimfanya aone kwamba barieri ni kitu cha kucheka.

Kisha tukamtoza kiazi mke wa Prefe, ambaye hakujua ni mchezo, na ambaye alitetemeka. Ndipo tukapewa shamba la kulima, Gisubizo akiwa ameshaondoka kwenda kwao bila kujua. Jumamosi hiyo tulikuwa na majembe mikononi, na mwanzi tulikuwa tumeuacha juu ya panda zake, umenyooka, tayari. Wale watu walipofika hawakuwa na haja ya kukata kitu.

Wanao mpaka leo. Umepita chini yake asubuhi, mgeni rasmi, na umemuuliza Prefe ni fundi gani aliyechora mistari ile kwa ustadi namna hiyo. Ni sisi. Rangi ni ya mlango wa choo cha wavulana.

Na ile ncha iliyoinuka kidogo, hiyo haikuwa ya klabu. Niliifunga mimi, Plamedi Tumukunde, juu kuliko nyingine, ili rafiki yangu apite bila kuumia kichwa.

Mama, hakutaka wakuulize kitu. Alidhani ni sisi.

Mungu akulinde njiani, Papa Byukusenge, wewe na wote utakaowaongoza kupita hapa, na akupe masikio mazuri utakapofika Omate. Ambariki Prefe kwa adhabu atakayotupa. Ambariki Mama Gisubizo, ambaye hatuna la kumwombea ila hilo moja la Omate.

Ni sisi,
Klabu ya Baiskeli, wanachama arobaini waliopo, na rais wao.