Sponji Kavu Juu ya Jeneza la Aldéric Mazerolle

Baba Paroko, dada yetu Zélica uliyefiwa, watoto, wajukuu, wanaushirika, na ninyi nyote mlioacha theluji milangoni mwenu asubuhi hii mkaja kumsindikiza Aldéric, kabla historia haijaanza familia inaomba kile kipande cha sponji ya buluu kilicho juu ya jeneza kisiguswe, kwa sababu tangu jana akina mama wa kwaya wamekiondoa mara mbili wakidhani fundi amekisahau, na mara ya pili kilikutwa kwenye ndoo ya takataka. Hakikusahaulika, kimewekwa na mjane mwenyewe, na sababu yake itafika mahali pake, maana historia ya marehemu ina utaratibu, na huyu anayewasomea, Euclide Robichaud, shemeji wa marehemu na mwenyekiti mstaafu wa ushirika wetu wa matunda ya beri, ameonywa na dada yake asiruke mbele kama ilivyo kawaida yake.

Marehemu Aldéric Mazerolle alizaliwa tarehe 11 Februari 1949, hapa hapa Butte-à-Fidèle, New Brunswick, akiwa mtoto wa tano kati ya tisa wa marehemu Onésime Mazerolle na marehemu Léocadie, katika nyumba ya mbao ambayo kuta zake zilijazwa vumbi la msumeno na magazeti ya zamani, nyumba ambayo kila Januari misumari iliota barafu kwa ndani, na blanketi za upande wa ukutani zilianikwa karibu na jiko kila asubuhi zikiwa zimelowa. Paa halikuvuja, ndipo Aldéric, akiwa bado mdogo, alipomuuliza mama yake maji hayo yanatoka wapi, na mama, mikono yake ikiwa kwenye unga, akamjibu, "Yanatoka vinywani mwenu, mnahema humo ndani kama ng'ombe zizini." Ndugu zake walicheka, yeye akaenda kupumulia kioo cha dirisha, akaona matone, akapumua tena, na dada zake wanasema siku hiyo aliitwa mezani mara tatu.

Alianza shule ya kijiji Septemba 1955 na kuimaliza Juni 1964, akatumikia altareni miaka yote hiyo, akabeba chetezo kwa bidii iliyowakoholesha waumini wa viti vya mbele, kisha baada ya kumsaidia baba yake msituni akaingia chuo cha ufundi huko Bathurst mwaka 1967, akahitimu useremala mwaka 1969. Huko ndiko alikopata maelezo kamili ya lile jibu la mama yake, kwamba hewa ya joto hubeba mvuke, na inapopenya ukutani ikakutana na baridi huuachia ule mvuke ukawa maji, na maji yakishafungiwa ndani ya ukuta huleta ukungu, halafu kuoza, halafu kilio. Dawa yake ni kuziba njia upande wa joto, na kwa nyumba za huku kwetu upande wa joto ni ndani, kwa hiyo nailoni nzito hupigwa ndani, nyuma ya ubao mnaoupaka rangi, jambo ambalo katika kijiji hiki hata mtoto wa komunyo ya kwanza analijua.

Kuanzia 1969 alijenga nyumba kutoka hapa hadi Tracadie, na mafuta ya kupasha joto yalipopanda bei na kila mtu akataka kuta nene, akafungua karakana yake na kuanza kutengeneza paneli, plaiwudi huku na huku, sponji ngumu ya kuzuia baridi katikati, nailoni upande wa ndani, zikiungwa kwa gundi na kuzibwa kwenye maungio kwa ukali ambao ninyi vibarua wake, ambao wengi mmekaa humu, hamjausahau. Alikuwa na tabia ya kuweka kiganja ukutani kabla ya kumsalimia mwenye nyumba, na siku aliyokuja kwetu kuomba posa, Pasaka ya 1974, alipapasa ukuta wa jikoni kwa marehemu baba yetu, akanusa vidole, na baba akamuuliza kama amekuja kuoa binti au kuoa ukuta. Aldéric alijibu kwamba binti ni mzima, ukuta ndio una homa, na kwa kuwa baba yetu alipenda mtu asiyemumunya maneno, ndoa ilifungwa katika kanisa hili tarehe 22 Juni 1974, na ukuta ule akaubomoa mwenyewe kabla majani hayajaanza kuanguka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mireille aliyezaliwa mwaka 1976, ambaye alifuata nyundo ya baba yake, na Rhéal aliyezaliwa mwaka 1979, ambaye ana akili timamu na anafanya kazi benki.

Sasa tunafika mahali ambapo anayesoma ameombwa apunguze mwendo, naye anajitahidi, ingawa ukurasa unaofuata ameshaufungua. Mwaka 1997 ushirika wetu, uliokuwa umechoka kupeleka beri mbali zikagandishwe na watu wengine, uliamua kujenga friza yake, jengo zima, na hapakuwa na ubishi juu ya nani ajenge. Aldéric alijenga kwa uzuri wake wote, nailoni akaipiga ndani kama alivyoipiga kwenye kila nyumba tangu ujana wake, na hakuna aliyeshtuka, si mafundi, si kamati, si mwenyekiti, kwa kuwa sote tumezaliwa kwenye baridi na mikono yetu inajua jambo moja tu. Hakuna aliyesimama akawaza kwamba katika friza baridi iko ndani na joto liko nje, kwamba mwezi Julai hewa yetu nzito yenye mvuke inajisukuma kutoka uani kuingia ukutani, na kwamba nailoni iliyo ndani haiizuii hata kidogo, bali inaingoja kwa ndani na kuifungia humo humo.

Kiangazi cha kwanza kilipita, lakini Julai 1998 mitambo ya baridi ikawa hailali, milango ikaanza kukwama, plaiwudi ikavimba kama mkate, na Mireille alipofungua paneli moja ya upande wa kusini, ile ambayo watu wawili waliiinua siku ya kujenga, ilihitaji wanaume wanne na matusi kadhaa, kwani sponji ilikuwa imegeuka bonge la barafu. Beri zilikuwa zinaiva, wale waliokuwa wakitugandishia tulishawaaga kwa mbwembwe, na bila friza mavuno ya kijiji kizima yangeozea kwenye makreti, na ushirika nao ungekufa ukiwa bado mchanga.

Kwenye mkutano uliofanyika ukumbi wa parokia wako waliosema plaiwudi ilikuwa mbovu, wako waliosema mitambo, na mtu mmoja alilaumu mwezi mpevu. Aldéric alisimama, akavua kofia, akasema, "Msimtafute mchawi. Jengo hili nimelivika koti kinyume, bitana nje. Koti ni langu na aibu ni yangu, lakini mikono nahitaji yenu."

Mwenyekiti, ambaye ndiye huyu shemeji yake, alimuuliza, "Na beri zikiiva kabla hujamaliza?"

"Zikiiva kabla, shemeji, utazila wewe mwenyewe. Tumbo unalo."

Ukumbi mzima ulicheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuokoa, kwa sababu asubuhi iliyofuata watu walikuja bila kuitwa, wakafungua kuta, wakapasua barafu, wakaanika plaiwudi uwanjani, wakatupa sponji zote zilizokunywa maji, nailoni mpya ikapigwa nje, upande wa joto, ikapandishwa ncha juu ya ncha na kuzibwa kila ungio, huku Zélica na wenzake wakipakua fricot, mchuzi wetu wa kuku na viazi, kwenye masufuria yasiyokauka. Mungu naye alitushika mkono, akaleta siku za mawingu, beri zikachelewa kuiva. Mwishowe Aldéric alimwendea marehemu Padri Livain akaomba chetezo, akawasha feni kubwa ya kuvuta hewa ya ndani na kuitoa nje, kisha padri mwenyewe, kanzu imekunjwa hadi magotini, akazunguka jengo akifukiza ubani kwenye maungio, na kila moshi ulipopinda na kunyonywa ukutani palikuwa na upenyo, na kila palipokuwa na upenyo watu walipiga kelele na Mireille akakimbia na gundi. Walizunguka hivyo mpaka moshi ukapanda wima pande zote nne, tarehe 14 Agosti 1998, na kesho yake, sikukuu ya watu wetu, ambayo desturi yake ni kupiga masufuria na kengele barabarani, hatukwenda barabarani, tuliizunguka friza yetu tukipiga masufuria mpaka kunguru wakahama, na wiki ile ile beri zikaingia.

Lakini Aldéric hakuwa na amani kamili, na hili wengi wenu hamkulijua. Ukuta ulikuwa umezibwa, mitambo ilikuwa inapumzika, ila ndani ya ukuta hakuna jicho lililofika, na yeye alikataa katakata kuufungua, akisema ukuta mzima ukiutoboa umeshaupa ugonjwa. Shemeji yake alimtania kila Agosti kwamba humo ndani kuna samaki, akaapa kwamba siku ukikutwa mkavu atatangaza kanisani mbele ya padri, na Aldéric alicheka na wengine, halafu akabaki nyuma ameweka kiganja ukutani kwa muda mrefu kuliko wa mtu anayetania. Alimwambia Zélica kwamba nyumba zote alizojenga hazimsumbui, ila angependa kujua habari ya ule ukuta mmoja kabla hajafa.

Marehemu alianza kuugua Aprili 2024, akipungukiwa pumzi, na vipimo vilionyesha saratani ya mapafu pamoja na maji yaliyojikusanya kifuani. Alitibiwa hospitalini kwa vipindi hadi Novemba, na siku ya kwanza alipotolewa maji hayo alimuuliza daktari nailoni yake waliipiga upande gani, daktari kijana asielewe, Zélica akaanza kueleza habari ya friza, na foleni ya wagonjwa ikasimama.

Mwezi huu wa Januari ushirika, ukiwa unataka kupanua jengo, uliamua kukata mlango kwenye ukuta wa kusini, na Mireille akapewa kazi ya kukata tundu la kwanza la kujaribia. Aldéric hakuweza tena kushuka kitandani. Aliomba kipande kitolewe chini kabisa, karibu na sakafu, maji yanakotuama, akamshika binti yake mkono akasema, "Usinionee huruma. Mgonjwa ni mimi, ukuta useme wenyewe."

Siku ya Jumamosi tarehe 18 Januari 2025, mchana, Mireille alikata, akavuta, na kile kipande kikatoka chepesi kama mkate mkavu, naye na mjomba wake, huyu huyu anayewasomea, wakatazamana, kisha wote wawili wakakimbilia gari, mmoja wao akiwa na miaka sabini na tano na goti la chuma. Aldéric alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akakibonyeza kwa dole gumba, akakiweka shavuni, akaomba karatasi ya chooni, akaibandika juu yake, akaikandamiza kwa kiganja kile kile, akangoja, na chumba kizima tukangoja naye bila kupumua. Alipoiinua, karatasi ilikuwa kama ilivyotoka kwenye bunda lake.

"Kavu," alisema, na uso wake ukawa wa kijana aliyekuja kuomba posa. Alicheka hadi akakohoa, Zélica akalia, Mireille akalia, na shemeji yake, ambaye hajawahi kufurahi hivyo kwa kushindwa, alimbusu kwenye paji la uso mara mbili.

Kisha Aldéric akafungua macho vizuri, akamtazama binti yake. "Tundu mmeliziba?"

Mireille alisema, "Nimelijaza koti langu, Baba."

"Koti! Miaka yote hii, halafu koti? Nendeni mkazibe. Na wewe shemeji, nenda, usijifanye mgeni."

Tulifukuzwa kama kuku. Tulikwenda, tukaliziba, sponji mpya, nailoni nje, gundi juu ya gundi, Mireille akapitisha ubani uliowashwa kwenye kopo la chai na moshi ukapanda wima, lakini tuliporudi kumpa habari, Aldéric alikuwa amelala usingizi, hakuamka tena, na alfajiri ya Jumapili tarehe 19 Januari 2025 Mungu alimchukua akiwa nyumbani kwake, kipande kile kikiwa chini ya mkono wake. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na nyumba kavu zisizo na idadi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtoa maji kifuani kwa subira, majirani walioleta fricot na poutine râpée, yale madonge yetu ya viazi, hadi friji ikakataa kufungika, mafundi wa karakana, wanaushirika wote, na Baba Paroko aliyekubali tamko hili lisomwe mbele ya altare kama lilivyoapiwa, kwamba ukuta ni mkavu. Kwa kuwa ardhi imeganda, marehemu atasubiri kuzikwa katika chumba cha makaburini hadi Mei, na msiwe na wasiwasi, Mireille ameshakwenda kupapasa kuta zake.

Punde Baba Paroko atafukiza ubani kuzunguka jeneza hili, nanyi mtautazama moshi unavyokwenda, kwa sababu yeye angeutazama. Pumzika, Aldéric, amani yote iwe yako. Uliuliza swali ukalala kabla hatujarudi na jibu, na jibu lenyewe ni hili, shemeji yangu, tundu tumeliziba.